Jino la Pembe na Pengo Langu

Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo. Methali hii niliwafundisha watoto wa darasa la sita kwa miaka mingi, tena kwa sauti kubwa, nikiwa na meno yangu kinywani. Sikujua kwamba ingekuja siku nitupiwe mimi mwenyewe, mbele ya wanangu, na shemeji yangu aliyekuwa akitafuna korosho.

Kikao chenyewe kilikuwa barazani kwangu, hapa Dimani, mwaka 2023, baada ya sala ya Isha. Mwanangu wa kwanza alikuwa ametoka Dar es Salaam na karatasi ya kliniki moja ya meno, ambayo sitaitaja. Karatasi ilisema kwamba mzee anaweza kurudishiwa meno yote, ya juu na ya chini, meno yasiyovuliwa, yaliyokazwa kwa skrubu ndani ya mfupa wa taya. Chini yake iliandikwa bei. Kwa bei ile ningenunua pikipiki kumi mpya, nikawapa vijana wa Kibiti waendeshe, nami nikakaa barazani nikihesabu pesa bila meno. Mwanangu akasema, "Baba, tuuze shamba la mikorosho la kule chini. Wewe umetusomesha sote, meno yako hayatatushinda." Moyo wangu ulimshukuru, lakini kichwa kilikataa.

Wa pili kusema alikuwa shemeji na methali yake. Wa tatu, jamaa yetu mcha Mungu, akauliza kama huko si kubadili maumbile ya Mola. Wa nne hakusimama, alisema pembeni, akidhani masikio yangu nayo yameng'oka: "Mzee wa miaka 66 ana haja gani na meno? Apikiwe uji, basi."

Usiku ule nilinyamaza, kwa kuwa kibogoyo akigombana huchekesha watu. Sasa ninayo karatasi na kalamu, navyo havihitaji meno. Nitawajibu wote wanne, na wa tano pia, yule aliyeiandika ile karatasi ya bei.

Kwanza niseme jinsi nilivyofika hapo, maana wengi hudhani ukibogoyo ni tunda la uzee, kama mvi. Si kweli. Mvi huja zenyewe. Meno yangu yaliondolewa moja moja kwa koleo. La kwanza lilikuwa gego la chini, mwaka 1986, nikiwa na miaka 29. Lilikuwa na tundu dogo tu, lakini lilininyima usingizi siku nne. Aliyenitibu hakuwa na kosa. Alikuwa na sindano ya ganzi, koleo na pamba; hakuwa na kitu kingine. Nilipomuuliza kama haliwezi kuzibwa, alinitazama kwa huruma, kama niliyemwomba ndege. Likang'olewa. Likafuata la pili, na la tatu, hata mwaka 2019 likatoka la mwisho. Katika miaka 33 hakuna hata jino langu moja lililowahi kuzibwa. Ndugu msomaji, nenda kijijini kwenu ukawaulize wazee, utasikia hadithi hii hii.

Na linaloniuma ni hili. Katikati ya miaka ya 1980, wakati ule ule nilipokuwa nimeshika shavu, Mholanzi aitwaye Jo Frencken alikuwa akifanya kazi katika chuo cha udaktari wa meno cha Dar es Salaam, na huko ndiko ilikoanza kujaribiwa njia ya kuziba meno bila umeme na bila mashine ya kukereza. Uozo unakwanguliwa kwa vifaa vya mkono, kisha tundu linajazwa saruji maalumu inayoshikamana na jino. Haihitaji kiti cha umeme. Mgonjwa akilala juu ya meza inatosha. Njia hiyo ikazunguka dunia. Aprili 1994, katika Siku ya Afya Duniani, Shirika la Afya Duniani liliitangaza kwa mataifa. Mwaka 2021 saruji inayotumika siku hizi kwa kazi hiyo, iitwayo glasi-ayonoma, iliingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya shirika hilo. Yaani dawa ya tundu langu ilizaliwa mwendo wa siku moja kutoka kwetu, ikapanda ndege ikaenda kwa watu, ikasahau kupanda basi la Kibiti.

Basi asiniambie mtu kwamba pengo langu ni kudura. Kudura naijua na naikubali. Hili ni pengo la koleo kuwa rahisi kuliko saruji.

Sasa nije kwa yule wa uji. Huyu hajui anachokisema, kwa kuwa hadhani kwamba meno yana kazi nyingine zaidi ya kutafuna. Mimi asubuhi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na jioni mwalimu wa chuo cha Kurani. Asiyekuwa na meno ya mbele na asome herufi thaa na dhaal, ambazo ncha ya ulimi lazima iguse ncha za meno ya juu. Na asome faa, inayotaka meno ya juu yaguse mdomo wa chini. Mwaka 2019 nilianza kusikia watoto wakinifuata kwa uaminifu katika makosa yangu. Nilisema sivyo, nao wakasema sivyo vile vile. Mtoto mmoja, si kwa ufedhuli bali kwa utii, akaikunja midomo yake ndani kama yangu ili aipate herufi sawasawa. Siku ile nilifunga msahafu, nikamwachia kijana mmoja darasa, na nikaacha kuswalisha. Nikaambiwa, "Pumzika sasa, mwalimu." Sikupumzika. Nilikaa tu.

Tena hata huo uji una hesabu yake. Sisi ni watu wa korosho, muhogo, samaki mkavu, kamba na nazi. Mtu anayelima korosho na hawezi kuitafuna anakuwa kama mchukuzi wa mizigo ya wenzake. Asiye na meno huacha nyama, huacha matunda magumu, hubaki na vyakula laini vya unga na sukari, na mwili humpungua huku watu wakisema amezeeka.

Na si mwili peke yake. Taya lenyewe huisha. Mfupa unaoshika meno uliumbwa kwa ajili ya meno. Jino likitoka, mfupa ule hukosa kazi, nao huanza kuyeyuka kidogo kidogo, hasa katika mwaka wa kwanza, lakini hauachi hata baada ya hapo. Mwaka 1972 Antje Tallgren alichapisha utafiti uliofuatilia watu waliovaa meno bandia kwa kipindi cha miaka 25. Aliona kwamba taya la chini lilipungua kama mara nne ya taya la juu. Ndiyo maana uso wa kibogoyo hukunjamana na kidevu kikakaribia pua. Na ndiyo maana meno bandia ya kawaida hukaa vizuri juu, yakinyonywa na kaakaa, lakini chini huogelea. Huko chini hakuna kaakaa la kuyashika, ufizi umekuwa mwembamba kama kamba, na ulimi huyasukuma kila usemapo neno. Nimeyavaa mwaka mzima meno ya chini ya namna hiyo. Yalinitoka msibani, mbele ya watu, nikiitikia dua. Nikayafunga katika kitambaa nikayatia kabatini.

Kwa hiyo nilipoona ile karatasi ya skrubu sikuicheka. Nilitaka kujua habari yake. Kwanza nilikwenda zahanati nikauliza habari za vipandikizi, kwa kuwa ndivyo karatasi ilivyoviita. Muuguzi alishika mdomo. "Babu, shikamoo, lakini hapa vipandikizi ni vya mkononi, vya uzazi wa mpango, tena kwa akina mama." Tulicheka wote, mimi kwa mkono kinywani kama desturi yangu. Baadaye binti yangu aishiye Mbagala alinitafutia maandishi, akawa ananisomea na kunifasiria, nikapata kuelewa.

Mwaka 1952 daktari wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, alikuwa akichunguza mwendo wa damu ndani ya mifupa ya sungura. Alitumia vifaa vya madini ya titaniamu. Alipotaka kuvitoa vilikataa, mfupa ulikuwa umevishika kama mti unavyoshika jiwe. Aliyafuatilia hayo kwa miaka, hata mwaka 1965, mjini Gothenburg, akamtia mtu wa kwanza skrubu nne za titaniamu katika taya la chini. Mtu huyo, Gösta Larsson, alikuwa na miaka 34, amezaliwa na kasoro za taya, na meno ya chini hakuwa nayo. Alifariki mwaka 2006, na skrubu zake zilikuwa bado zinafanya kazi, miaka zaidi ya 40. Wenzake Brånemark hawakumkubali upesi. Ilibidi kungoja mkutano wa Toronto wa mwaka 1982 ndipo madaktari wa Marekani na Kanada waanze kuitazama kazi yake kwa macho mengine. Baadaye, katika miaka ya 1990, Mreno Paulo Maló akaonyesha jinsi safu nzima ya meno inavyoweza kukaa juu ya skrubu nne tu, mbili za nyuma zikilazwa kwa mshazari.

Hapa shemeji yangu anipe nafasi. Methali yake ilikuwa kweli juu ya pembe. Huko Ulaya na Marekani, karne ya 18, meno bandia yalichongwa hasa kwa pembe ya ndovu na meno ya kiboko, viboko kama hawa wa Rufiji. Meno ya George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, yalikuwa na meno ya kiboko ndani yake, na hayakumpa raha. Pembe haishikani na mfupa. Hukaa juu ya ufizi, huoza, hunuka. Wahenga waliona jino la pembe wakalihukumu kwa haki. Lakini titaniamu hawakuiona, na si heshima kwa wahenga kuwatolea ushahidi wa kitu ambacho hawakukiona.

Jamaa yangu mcha Mungu naye namkumbusha sahaba Arfaja bin As'ad. Alipoteza pua yake katika vita vya Kulab kabla ya Uislamu, akatengeneza pua ya fedha, ikanuka, na Mtume (s.a.w.) akamwelekeza aweke ya dhahabu. Dhahabu iliyoharamishwa kwa wanaume ikaruhusiwa kwa ajili ya pua! Kurudisha kilichopotea si kubadili maumbile. Ingekuwa hivyo, miwani anayoisomea yeye ingekuwa ya kwanza kutupwa.

Sasa mtu wa tano, mwenye karatasi. Ugomvi wangu mkubwa ni naye. Nilikwenda mwenyewe Dar es Salaam kumwona. Alikuwa kijana mwenye adabu, akaniamkia, akanionyesha taya la plastiki. Nikamwuliza, "Mwanangu, hakuna njia ndogo kuliko hii?" Akasema, "Mzee wangu, ipo hii, au ubaki na yale ya kuvua yanayocheza." Juu yote na chini yote, au hakuna kitu. Nilitoka nimeinamisha kichwa, shamba likiwa limekwisha uzwa nusu ndani ya akili yangu.

Na halikuwa kweli. Mwaka 2002 wataalamu walikutana katika Chuo Kikuu cha McGill, mjini Montreal, wakakubaliana kwamba kwa mtu asiye na meno chini, chaguo la kwanza liwe meno bandia ya kuvua yanayoshikwa na skrubu mbili tu, upande wa mbele wa taya. Skrubu mbili, si nane wala kumi na mbili. Sehemu ile ya mbele mara nyingi hubaki na mfupa wa kutosha hata kwa mzee aliyekaa miaka bila meno. Juu zake huwekwa vifungo, meno bandia yakabonyezwa hapo yakashika kama kifungo cha pochi. Usiku unayavua, unayasafisha. Juu mtu anaweza kubaki na meno bandia ya kawaida, kwa kuwa ya juu hushikwa na kaakaa. Haya yalikwisha andikwa miaka 21 kabla ya karatasi yangu, na hakuna aliyeniambia, mpaka binti yangu alipoyasoma.

Kwa nini sikuambiwa? Sitaki kumsingizia yule kijana uovu. Labda mwajiri wake humpimia kazi kwa ukubwa wa bei. Lakini mimi nimeuza korosho tangu ujana, najua mnunuzi anayekwambia daraja mbili hazipo, ipo moja tu. Mgonjwa asiyeonyeshwa daraja la kati ameibiwa hata kama kila shilingi imeandikiwa risiti. Na anayeibiwa zaidi ni wa kijijini, kwa kuwa yeye hana akiba ya benki, ana shamba. Akiuza mikorosho aliyopanda baba yake, amewang'oa wajukuu meno ili apate yake.

Nikapata mahali pengine, nikamweleza daktari ninachotaka, akanipima, akanipiga picha ya taya, akaniuliza habari za kisukari na sigara, kwa kuwa vyote viwili huzuia kidonda kupona na skrubu kushika. Alinitia skrubu mbili asubuhi moja, kwa ganzi. Nilisikia mtetemo tu kama wa pikipiki ya mbali. Kisha nikangoja miezi mitatu ili mfupa ushike, na hiyo ndiyo sehemu ngumu, maana kila mtu alitaka nifungue kinywa aone. Gharama ililipwa na mavuno ya misimu miwili na michango ya wanangu. Haikuwa ndogo, na sisemi kwamba kila mzee wa delta anaiweza. Lakini shamba lipo.

Nami niseme na upande wa pili, maana asiyesema kasoro ya kitu chake ni mchuuzi. Haya si meno. Jino la kuzaliwa limefungwa na mfupa kwa nyuzi laini zinazohisi. Ukitafuna chembe ya mchanga ndani ya wali, unajua papo hapo. Skrubu haihisi hivyo. Skrubu haiozi, lakini ufizi unaoizunguka ukiachwa na uchafu huugua, na mfupa ukaiachia. Vipete vya ndani ya vifungo huchakaa, na lazima virudiwe. Meno yangu ya juu bado huteleza nikicheka sana, na korosho kavu naivunja kwanza kwa kinu. Hapo methali inapata tena nusu ya haki yake: hakuna cha kulipa jino ambalo Mungu alilipanda bure.

Kwa hiyo naudai utaratibu, na sitaki ugeuzwe kichwa chini. La kwanza ni lile tundu dogo la mwaka 1986. Kila zahanati ya delta, hata inayofikiwa kwa mtumbwi kupitia mikoko, iwe na mtu aliyefundishwa kukwangua na kuziba kwa mkono, na saruji ya kuzibia isikosekane kama isivyotakiwa kukosekana dawa ya malaria. Hapa hakuna kisingizio cha umeme, kwa kuwa njia ile haiutaki. La pili, asiye na meno apate meno bandia ya kawaida bila kuuza kitu. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Nawaambia wanaopanga mafungu ya sheria hiyo kwamba kinywa ni sehemu ya mwili, na mkulima wa muhogo anacho kama mtumishi wa ofisini. La tatu, anayehitaji skrubu aambiwe kwa Kiswahili, kwa maandishi, njia zote na bei zote, kuanzia ndogo. Tukianza na la tatu tukaacha la kwanza, tutakuwa tunajenga paa la dhahabu juu ya nyumba ambayo mchwa bado wanaila.

Mwezi Mei 2021 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio la afya ya kinywa, ukataka nchi ziache kutegemea matibabu ya kungoja maumivu na ziingie katika kinga. Azimio ni jambo jema. Lakini azimio halijawahi kumfikia mtoto wa Dimani akiwa ameshika shavu usiku. Kinachomfikia bado ni koleo.

Mimi nimerudi chuoni. Siku ya kwanza watoto walikaa kimya wakinitazama kinywa, nikawaambia watazame wapendavyo kwa dakika moja, kisha tusome. Nikasoma thaa, wakaitikia thaa. Yule aliyekunja midomo amekuwa mkubwa sasa, yeye ndiye anayewafuatisha wadogo, na kwanza ilinibidi nimsahihishe makosa niliyomfundisha mwenyewe. Ilichukua majuma matatu. Dhaal yake mpaka leo si kamili.